Nyufa au Kutu

Jumanne, tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Hujambo huko juu ulikojichimbia? Mama anasema mtandao kwenye kambi yenu ya mabomba ya maji haupatikani mpaka mtu apande kilima, na akishapanda hana tena pumzi ya kuongea. Basi nimeshika kalamu. Nimeambiwa gari la barua linakuja kwenu kila wiki, kwa hiyo usije ukaniambia hukupata nafasi ya kujibu.

Huku tuko salama. Mdogo wako anaimba bafuni, anaimba mezani, anaimba akitafuta soksi. Mimi niko na meno yangu. Wiki hii nimetengeneza sahani kumi na moja za meno ya bandia, moja ya mwalimu mstaafu aliyeirudisha maabara mara tatu, akidai meno niliyompa yana kiburi kuliko aliyozaliwa nayo.

Sasa nisikilize. Jumamosi ya tarehe 28 Machi, alasiri, kuna tamasha la bendi kwenye ukumbi wa kile kiwanda cha zamani cha uchapaji. Kila bendi inapiga nyimbo tatu, na itakayochaguliwa itarekodi albamu nzima studio, si hizi za kurekodi kwa simu ndani ya stoo. Bendi ni tisa, lakini kila mtu anajua zinazogombana ni mbili: Nyufa, yaani mume wangu na wenzake, na Kutu. Vijana wa hapa wanaopenda hii roki isiyopigwa redioni wamefika mahali hawasalimiani.

Wewe una masikio makali na huna haya. Ndani ya bahasha kuna kadi ya memori yenye nyimbo nne. Mbili za kwanza ni za Nyufa, mbili za mwisho za Kutu. Sikiliza kama mtu asiyemjua yeyote kati yao, halafu niambie nani bora na kwa nini. Usinipake mafuta.

Wifi yako,
Fundi Meno


Alhamisi, tarehe 12 Februari

Wifi,

Umeniletea balaa. Nilizipiga nyimbo zako kwenye spika ya bwalo la chakula, na sasa kambi imegawanyika. Sisi wachomeleaji tuko na Nyufa. Madereva wa mitambo wako na Kutu. Mpishi hayuko na mtu, anataka sote tunyamaze. Jana dereva wa winchi, mama mmoja tunayemwita Winchi tu, mwenye mikono miwili kama minne yangu, amekataa kuninyanyulia bomba mpaka nikubali kwamba Nyufa wanapiga kelele.

Haya, hukumu yangu.

Nyufa: wimbo wa kwanza unaanza kama mlango uliopigwa teke. Magitaa mawili yanagombana na yote yana haki. Kiitikio unakishika hata kabla hakijarudi mara ya pili. Na mdogo wangu ana koo, hilo hata adui hawezi kumnyima. Kasoro yao ni kwamba hawajui kunyamaza. Kila penye nafasi wamepajaza. Na huyo mpiga ngoma wao anakimbia kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Kutu: nilidhani kadi imeharibika. Gitaa linadondosha sauti moja, linangoja, linadondosha nyingine. Mwimbaji wao wa kiume ana sauti ya mtu anayesoma tangazo la mbuzi aliyepotea. Nilikuwa tayari kuwafuta kabisa.

Lakini wimbo wa nne! Huyo mwanamke anayeingia kwenye kiitikio ni nani? Winchi aliacha kijiko hewani. Haimbi kwa nguvu, haimbi kwa madaha, anaimba kama mtu anayekueleza jambo ambalo ulipaswa kulijua siku nyingi. Nimeurudia wimbo ule mara ngapi sijui.

Hata hivyo kura yangu ni Nyufa, kwa pointi moja, na nusu ya pointi hiyo ni undugu.

Ila na mimi nikuulize. Wewe unalala kitanda kimoja na mwimbaji wa Nyufa. Haya maswali ya nani bora yametoka wapi?

Wifi yako,
Cheche


Ijumaa, tarehe 20 Februari

Wifi yangu,

Nimecheka mpaka nta ya kuundia meno ikaniungulia jikoni. Mbuzi aliyepotea! Nitamwambia. Yaani, nikikutana naye.

Lakini hapo uliposema Kutu hawana kitu nakukatalia. Unasema gitaa linangoja. Ndiyo, linangoja, na huo ndio ufundi wenyewe. Anayelipiga ni fundi saa, ana kibanda chake nyuma ya posta. Mtu wa kushinda siku nzima na kibano mkononi, anajua sekunde moja ina ukubwa gani. Nyufa wanakupa wimbo wote mara moja, unashiba, unaondoka. Kutu wanakupa nusu, nusu nyingine unaitafuta mwenyewe njiani ukirudi nyumbani. Nimeusikia ule wimbo wa tatu mara nyingi na bado unanishinda.

Nakubali kwamba Nyufa wana viitikio. Nakubali mume wangu akifungua mdomo ukumbi unasimama. Lakini miaka minane sasa anaufungua mdomo ule ule kwa namna ile ile.

Huyo mwanamke uliyemuuliza ni mtu tu wa hapa hapa mjini.

Siandiki mengi. Kazi imekuwa nyingi, hata Jumamosi siku hizi nashinda maabara.

Wifi yako,
Fundi Meno


Jumatano, tarehe 4 Machi

Mke wa mdogo wangu,

Leo sikuiti wifi, utajua kwa nini.

Nimepata barua ya Mama. Jumamosi iliyopita fizi zilimsumbua, akachukua meno yake akaja maabara umtazamie. Akakuta kufuli. Mlinzi akamwambia: "Fundi Meno? Jumamosi hashindi hapa, Mama. Yuko kule nyuma ya posta, kwa fundi saa. Hutoka jioni."

Mama alirudi nyumbani na meno mkononi. Hajamwambia mwanawe. Ameniambia mimi, kwa sababu anajua nitasema.

Kwa hiyo nasema. Sasa naelewa kwa nini fundi saa anajua ukubwa wa sekunde. Naelewa kwa nini Nyufa wamekuwa wabaya ghafla. Mimi hapa nakupimia magitaa na ngoma kama mjinga, nagombana na watu wazima bwaloni kwa ajili yako, kumbe unanitafutia sababu ya kumwacha ndugu yangu. Kama umemchoka, mwambie usoni. Usinitumie mimi na masikio yangu.

Nataka jibu, na nalitaka la kweli.

Dada wa mumeo


Jumatatu, tarehe 9 Machi

Wifi,

Mimi nitakuita wifi, upende usipende.

Jibu lako hili hapa. Huyo mwanamke wa wimbo wa nne ni mimi.

Ndiyo, soma tena. Mimi huyu, mwenye jasi kwenye kucha. Mwaka jana mwezi wa kumi fundi saa alimleta baba yake kutengenezewa meno. Nilikuwa nang'arisha sahani kwenye mota, na mota ile ina mvumo mmoja, haubadiliki, kwa hiyo huwa naimba juu yake. Sikujua kama wamekaa nje ya pazia wananisikiliza. Nilipotoka, mzee hakuuliza meno yake. Aliuliza, "Binti, wewe ni wa bendi gani?" Nikacheka. Mwanawe hakucheka. Akasema, "Tunafanya mazoezi kibandani kwangu kila Jumamosi. Mke wangu ndiye mpiga ngoma. Njoo usikilize tu."

Nilikwenda kusikiliza tu. Jumamosi ya tatu nikaimba.

Utaniuliza kwa nini sikwenda kwa mume wangu. Nilikwenda, wifi. Mara nne. Mara ya kwanza nilimwambia nikiwa namkatia nywele: "Kile kiitikio kipya kinahitaji sauti ya pili." Akasema atafikiria. Mara ya pili alisema wenzake hawatakubali. Mara ya tatu akaniambia bendi si kwaya. Mara ya nne, nilipomaliza tena kumkata nywele, alinibusu kwenye paji la uso, akasema, "Wewe ndiye masikio yangu," akachukua gitaa lake akaenda zake. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningemjibu. Nilibaki na busu lake usoni na mkasi mkononi.

Ulidhani nakuuliza nani bora ili nipate sababu ya kumwacha. Nilikuuliza kwa sababu niliogopa. Nilitaka mtu asiyejua kwamba ni mimi aniambie kama ninafaa. Na ukaniambia. Ile barua yako ya kwanza naibeba kwenye mfuko wa koti la kazi, imeshapata madoa ya nta. Hata hii ya pili haiwezi kuifuta.

Nimekosea kwa kudanganya. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya mume wangu, na Mama ametembea na fizi zake bure. Nimeshakwenda kwake, nimemrekebishia meno na nimemwambia kila kitu. Unajua alisema nini? "Basi uimbe vizuri, isije ikawa nimetoneshwa fizi kwa jambo la ovyo."

Jumapili hii namwambia mdogo wako mwenyewe. Usinitangulie, nakuomba. Lakini sikuombi ruhusa, na yeye simwombi. Tarehe 28 nitapanda jukwaani na Kutu.

Wifi yako,
Fundi Meno


Jumatano, tarehe 18 Machi

Wifi yangu, wifi yangu kabisa,

Nimekuandikia barua mbili nikazichana. Hii naituma hata kama ni mbaya. Nisamehe. Nilikuhukumu kwa maneno ya mlinzi.

Winchi nimemwambia. Alisimamisha mtambo, bomba likiwa linaning'inia, akapiga kelele kambi nzima isikie: "Mwimbaji wa Kutu ni wifi yake Cheche!" Tangu hapo ananinyanyulia mabomba bila masharti.

Na mimi kuna neno nimelimeza miaka sita, nalitema leo.

Unajua nilikuwa mpiga ngoma wa kwanza wa Nyufa. Unajua pia niliacha kwa sababu nilipata kazi ya uchomeleaji. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu, na mdogo wangu akaniacha niseme hivyo. Si kweli. Siku moja baada ya mazoezi, nikiwa bado nafunga ngoma zangu, alikuja akasimama mlangoni akaniambia, "Dada, tumepata mtu." Basi, hivyo tu. Aliyepatikana ni huyo anayekimbilia sufuria. Kazi niliitafuta baadaye, mwezi mzima baadaye, na niliitafuta mbali.

Nilimpigia makofi kwenye matamasha yake. Hata juzi nimempa kura. Kwa hiyo uliposema utapanda jukwaani bila kuomba ruhusa, niliweka barua chini nikatoka nje, nikapiga ngoma kwenye pipa la mafuta mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna hatari.

Sasa nakupa ukweli mmoja wa kifundi, maana hukutaka kupakwa mafuta. Kwenye kiitikio uko sawasawa. Lakini kile kipande kifupi kabla yake, unapoingia, unaimba kama unaomba radhi kwa kuchelewa. Unaingia chini, kwa woga, halafu ndio unapanda. Acha hiyo tabia. Ingia kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba.

Nimeomba ruhusa ya kuja tarehe 28. Sijajibiwa.

Wifi yako,
Cheche


Alhamisi, tarehe 19 Machi

Dada,

Sijui kama unajua. Nahisi unajua. Mke wangu anaimba na Kutu. Aliniambia Jumapili, mchana, chakula kikiwa mezani, kwa sauti ile ile anayoniambia gesi imekwisha. Nilimuuliza tangu lini, akasema tangu mwezi wa kumi na moja. Nilimuuliza kwa nini wao, akasema, "Kwa sababu walinisikiliza."

Nimehamia kwenye stoo ya mazoezi. Nimetandika kati ya amplifaya mbili.

Siwaelewi watu wanaowasifu Kutu. Wanajifanya wana siri. Mtu akikosa la kusema ananyamaza, halafu mnaita ufundi. Sisi tuna miaka minane jukwaani. Wao wana nini? Saa mbovu na fundi meno. Na wenzangu bendini wananitazama kama mtu aliyeibiwa mfukoni.

Wewe anakuheshimu. Mwandikie. Mwambie asubiri hata mwakani, si mwaka huu, si jukwaa moja na mimi.

Mdogo wako


Jumanne, tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Nilijua. Sitamwandikia asubiri.

Umesema wana saa mbovu na fundi meno. Huyo fundi meno ndiye amekuwa akikaa viti vya nyuma miaka minane akikuambia wimbo upi umezidi urefu, na kila ulipomsikiliza wimbo ulipona. Ulipenda masikio yake. Mdomo wake ukaona utakupunguzia nini?

Mimi uliniambia, "Dada, tumepata mtu." Unakumbuka ulisimama wapi? Mimi nakumbuka. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mdogo wangu na nilitaka uwe mkubwa. Nadhani nilikudekeza. Yeye hatakudekeza, mshukuru kwa hilo.

Ruhusa ya kuja sikuipata. Jumamosi hiyo hiyo tunayajaribu mabomba, maji yanapita kwa mara ya kwanza, na kila kiungo nilichochomelea lazima nikisimamie mwenyewe. Kwa hiyo masikio yangu hayatakuwepo. Yako yatakuwepo. Yatumie.

Rudi nyumbani ulale kitandani. Halafu Jumamosi imba kwa uwezo wako wote. Ukiimba vibaya kwa sababu ya hasira, nitakukana mbele ya kambi nzima.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 30 Machi

Dada,

Barua yako niliipata Ijumaa. Sikurudi nyumbani siku hiyo. Kiburi. Lakini niliimba kwa uwezo wangu wote, naapa.

Nitakueleza yote kwa haki, kama ulivyotaka.

Sisi tulipanda wa nne. Wimbo wa kwanza ukumbi uliruka. Wa pili wakaimba kiitikio wao, nikawaachia. Wa tatu mpiga ngoma wetu alianza mbio zake, na kwa mara ya kwanza nikamsikia, Dada. Miaka sita nilikuwa nakimbia naye nikidhani ni moto wa muziki. Tulimaliza, makofi yakawa makubwa. Nilishuka nikijua tumepiga kama tunavyopiga siku zote.

Kutu walikuwa wa saba. Nilisimama pembeni, karibu na masanduku ya nyaya. Wimbo wa kwanza ulikuwa baridi, watu wakaanza kuzungumza. Wa pili nusu ya ukumbi ilinyamaza. Wa tatu ndio ule wake.

Aliingia chini. Yaani aliukosea kabisa ufunguo wa wimbo, kila mtu alisikia. Mimi nilifumba macho. Ingekuwa mimi ningeendelea, Dada. Nimekosea mara ngapi, nikapandisha sauti na kurusha nywele, hakuna aliyejua. Yeye aliinua mkono. Bendi ikasimama. Akasogea kwenye kipaza sauti akasema, "Nimekosea. Tunaanza tena." Hakucheka, hakuomba radhi. Akamtazama mpiga ngoma, akahesabu kwa vidole.

Gitaa lilingoja, na sisi sote tukangoja nalo. Mimi niliyewatukana kwamba wananyamaza kwa kukosa la kusema, nilikaa ndani ya kimya chao nikaogopa kisije kikaisha. Halafu akaingia. Sijui alikuwa wapi mwanamke yule. Alikuwa nyumbani kwangu.

Wimbo ulipokwisha watu walichelewa kupiga makofi. Nilidhani hawakupenda. Kumbe walikuwa bado wanasikiliza.

Waamuzi wametuchagua sisi. Nyufa tumeshinda. Walisema tuna uzoefu, tuna viitikio, na kwamba bendi inayosimamisha wimbo katikati haijakomaa. Wenzangu walinibeba juu. Nilikuwa juu ya mabega ya watu, namtazama yeye akikunja nyaya.

Nilirudi nyumbani na gitaa na godoro langu. Alikuwa anapiga pasi koti la kazi. Akasema, "Hongera." Nikasema, "Mlikuwa bora kuliko sisi." Akageuza koti upande wa pili, akasema, "Najua."

Nikaketi. Nikamwomba msamaha, si kwa jambo moja. Aliniambia amenisikia, na kwamba kusikia na kusahau ni vitu viwili. Nimekubali.

Na wewe nakuomba msamaha. Nilisimama mlangoni, upande wa swichi ya taa. Nakumbuka. Wenzangu bendini ndio waliosema tupate mwanamume, nami nikakubali kwa dakika mbili. Tunaingia studio mwezi wa sita. Nimewaambia wenzangu sirekodi na huyu anayekimbia. Nataka wewe ukae kwenye kile kiti. Njoo, Dada.

Mdogo wako


Jumanne, tarehe 31 Machi

Wifi,

Namchomekea barua yangu kwenye bahasha yake, yeye ameshaeleza mengi.

Niliingia kwa woga, kama ulivyonionya. Ndipo nikakukumbuka, nikasimamisha kila kitu. Hata mimi sikujua kama nitathubutu.

Nimelia Jumapili asubuhi, kwa muda wa kuchemsha chai, basi. Jumamosi hii tunarekodi wenyewe. Chumba cha jasi pale maabara kina kuta nene na mkuu wangu ametupa ufunguo. Nyimbo nane. Mdogo wako ameuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia anaweza, akae kimya, viti viko nyuma.

Wifi yako,
Fundi Meno


Jumatano, tarehe 8 Aprili

Kwenu nyote wawili,

Maji yamepita. Viungo mia mbili na kumi na sita, hakuna hata kimoja kilichotoa tone. Nilitembea kilomita zote tisa na tochi mkononi nikivigusa kimoja kimoja.

Mdogo wangu, msamaha wako nimeupokea, na nimelia kidogo ndani ya kofia ya kuchomelea, ambako hakuna anayeona. Lakini kile kiti sikitaki tena. Miaka sita iliyopita ningekuja kwa miguu. Mtafuteni mwingine, na safari hii mwambieni huyo wa sasa vizuri, kwa sababu na yeye ni mtu. Mkae naye chini, msisimame mlangoni.

Wifi, nasubiri nyimbo nane. Zitume zote, hata zile mlizokosea.

Hukumu yangu ya mwisho juu ya Nyufa na Kutu siitoi. Sasa mimi ni mshindani. Winchi amepata gitaa la besi lenye nyuzi tatu. Mpima ardhi wetu anapiga kinanda kwa vidole viwili, vile vile anavyopiga hesabu. Mimi nina mapipa matatu na kifuniko cha tangi. Tumefanya mazoezi mara moja, jana baada ya kazi, bwaloni. Tulikuwa wabaya kupita kiasi. Tulianza wimbo mara kumi na moja na hatukuumaliza. Mpishi amesema tukirudia atatupikia maji matupu.

Kesho tunarudia.

Cheche